Gari ya mkononi kwa binti anayesoma Mbeya na kupanda Makete: IST, RAV4, Rush au Jimny?

MzaziUyole

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni hapa Mbeya, leseni daraja D anayo tangu mwaka jana. Kuanzia Novemba ana kazi ya utafiti wa viazi Makete, atakuwa anapanda kupitia Isyonje, Kikondo hadi Kitulo mara mbili kwa mwezi na kurudi, mpaka Julai mwakani. Maana yake atakutana na mvua zote, halafu na baridi.

Nina milioni 14, na humo humo nitoe bima, kuhamisha umiliki na matengenezo ya mwanzo. Dalali mmoja ana IST ya 4WD, yaani inayovuta magurudumu yote manne. Mwingine ana RAV4 ya milango mitano, ya 2002. Wapo wanaonishauri nijibane nichukue Rush, na mama yake anataka Jimny kwa kuwa ni ndogo na inapanda popote. Njia mnaijua: ukungu asubuhi, utelezi kwenye vipande visivyo na lami, na Juni umande unaganda kule juu.

Nichague ipi, na siku ya ukaguzi niangalie nini? Dalali wa IST anasema gari yake imetoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwenye theluji, kwa hiyo imeshazoea baridi. Hilo lina uzito wowote?

FundiSoweto

Mzee wangu, shikamoo. Naanza na hiyo Hokkaido, maana dalali anakuuzia kasoro kama sifa. Huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inapanda chini ya gari, inakaa kwenye maungio ya bodi na inakula chuma kimya kimya. Gari za sehemu hizo huwa na betri kubwa zaidi na hita nzuri, hilo ni kweli, lakini vitu hivyo havifidii bomba la breki lililooza.

Ipandishe kwenye shimo la gereji, uwe na tochi na bisibisi. Angalia mabomba ya chuma ya breki na ya mafuta kuanzia mbele hadi nyuma, hasa yanapopita juu ya tangi. Angalia vikalio vya shokapu, fremu ndogo inayobeba injini, na kingo za ndani za madigadi. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na magamba yanadondoka. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa si tatizo. Magamba yanayobanduka ni tatizo. Ukikuta chini kote pamepakwa rangi nyeusi mpya kabisa, muulize kwa nini, kisha kwaruza sehemu mbili tatu uone kilichofichwa. Bomba la breki lililoliwa halitapasuka likiwa limepaki. Litapasuka siku binti atakapokanyaga kwa nguvu zote.

Ukiwa bado shimoni, thibitisha hiyo 4WD. Soma namba ya chasisi kwenye gari, si kwenye kadi peke yake: IST ya zamani yenye 4WD huanza na NCP65. NCP60 na NCP61 zinavuta mbele tu, hata kama mtu amebandika nembo nyuma. Kisha tazama kama propela ya kwenda nyuma ipo. Kuna mafundi wanaoitoa ikianza kulia au mwenye gari akitaka kupunguza mafuta, halafu gari inauzwa bado inaitwa 4WD.

Jaribio jingine ni barabarani. Kwenye lami kavu kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole duara mbili. Gari ikijivutavuta au kurukaruka, kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kimeganda. Mara nyingi sababu ni tairi za saizi tofauti, au mbili mpya na mbili zilizoisha, zilizotembezwa muda mrefu. Kwenye gari inayovuta magurudumu yote, tairi zote nne ziwe saizi moja na ziwe zimelika karibu sawa.

Sasa baridi. Huku kwetu gari nyingi zimetolewa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa imani kwamba injini haitachemsha. Matokeo yake injini inatembea baridi, inakula mafuta na hita haitoi joto. Kuijua ni rahisi: washa injini ikiwa baridi, shika bomba la juu la rejeta. Likibaki baridi dakika kadhaa kisha likapata moto ghafla, thamostati ipo. Likianza kupata joto polepole tangu mwanzo, imetolewa. Angalia pia mabomba mawili yanayoingia ndani kwenye hita. Kama yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwenye chumba cha injini, hita ilivuja na mtu akaikwepa.

Na kwenye rejeta kuwe na kulanti, dawa ya kupoozea injini, si maji ya bomba. Nusu kwa nusu na maji safi haigandi mpaka chini kabisa ya nyuzi sifuri, na inazuia kutu ndani. Mfuniko wa rejeta nao ubadilishwe, bei yake ni ndogo. Kule Kitulo, kwenye mita 2,600 na zaidi, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, ambalo ndilo joto la kawaida la injini. Kinachoyazuia yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko. Mfuniko ukichoka, injini inachemsha mlimani wakati rejeta ni nzima, na fundi anaanza kukufungulia silinda hedi bure.

SpeaMwanjelwa

Fundi amemaliza ya chini, niseme ya kuchagua.

Mzee, RAV4 ya 2002 iliyotoka Japani fungua boneti usome kifuniko cha injini. Ukiona D-4, achana nayo kwa matumizi haya. Hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa. Haivumilii petroli chafu, njia za hewa zinajaa masizi, mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama unapanda na kushuka, na ikiwahi kuchemsha sana, nyuzi za bolti za silinda hedi kwenye bloku huwa zinaachia. Utaona kulanti inapungua bila kuona inapovujia, kwa sababu inatokea nyuma ya injini upande wa ukuta wa ndani. Bodi yake ni nzuri na inakaa barabarani vizuri, lakini mwanafunzi hatakiwi kufuga injini ya namna hiyo.

Jimny ya 1.3 inapanda kweli, mama yake hajakosea. Ina gia nzito za chini na ni nyepesi. Shida ni kwamba umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni mita 2.25 tu, kwa hiyo ikianza kuteleza inageuka upesi kuliko dereva mpya anavyoweza kuiwahi. Pia 4WD yake si ya kuachwa imewashwa kwenye lami kavu, na barabara yenu inabadilika lami na udongo mara nyingi. Kwa dereva mzoefu ningesema ndiyo. Kwa mwenye leseni ya mwaka mmoja, hapana.

Rush ndiyo ningeitaka kwa njia hiyo. Iko juu kiasi cha sentimita 20, inavuta magurudumu yote muda wote, na ina kitufe cha kufunga difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ukinasa. Lakini soma chasisi: J210 ndiyo 4WD. J200 inavuta nyuma tu, na kwenye mlima wa tope gari inayovuta nyuma bila mzigo ni mbaya kuliko hata IST ya kawaida. Nyingi zinazouzwa rahisi ni J200, ndiyo maana ni rahisi. Kwa milioni 14 na matoleo yote humo ndani, J210 nzima itakusumbua kuipata. Ukiletewa kwa bei hiyo, tafuta kasoro mpaka uijue.

IST ya NCP65 inabaki kuwa chaguo la bajeti yako. Injini ya 1.5 inatumia cheni, spea zipo kila duka kuanzia hapa hadi Njombe, na fundi yeyote anaijua. Udhaifu wake ni tumbo kuwa chini, kama sentimita 15. Fuso zikishachimba mifereji, itakaa juu ya tuta la katikati na magurudumu yote manne yatazunguka bure. Mweleze apandishe tairi za upande mmoja juu ya tuta na za upande wa pili ukingoni, asiingie mferejini. Weka na bamba la chuma chini ya sampu ya oili. Gari nyingine ndogo za injini ya 1.0 usizifikirie, maana kule juu injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama robo ya nguvu zake kwa uchache wa hewa.

MwalimuWaGia

Nakubaliana na waliotangulia, ila tunazungumza 4WD kana kwamba ndiyo usalama. 4WD inakusaidia kuondoka na kupanda. Haikusaidii kusimama, na kwenye kona ya kuteremka haikusaidii kugeuka. Hayo mawili yanafanywa na tairi na breki. IST ya kuvuta mbele yenye tairi nzuri itashuka Isyonje salama kuliko Rush yenye vipara.

Tairi zisome ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Zilizopita miaka sita mpira umekauka hata kama mifereji inaonekana mirefu, na kwenye mvua hazishiki. Kwa njia hiyo mifereji isipungue milimita 4.

Hiyo gari ya Hokkaido inaweza kuwa bado na tairi za theluji. Utazijua kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake au neno STUDLESS, na zina mikato myembamba mingi kwenye kila jino. Mpira wake ni laini ili usikakamae kwenye barafu. Kwenye lami yetu yenye joto, mchana wa Chimala, unalika haraka, na lami ikiwa na maji gari inachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Tope nalo haliziogopi, maana ile mikato inajaa udongo mfinyanzi na tairi inakuwa laini pande zote. Zitoe, hata kama zinaonekana mpya.

Breki: badilisha mafuta yote siku unayonunua, usiongeze tu. Yananyonya unyevu, na yakishakuwa na maji yanachemka kwenye mteremko mrefu, pedeli inazama mpaka chini. Mfundishe ashuke na gia ya 2 au L tangu juu, kabla mwendo haujakolea, akanyage breki kwa vipindi, asiikalie.

Kwa ukungu, kiyoyozi kifanye kazi. Wengi hukiona anasa, lakini ndicho kinachokausha hewa ya ndani: washa kiyoyozi pamoja na hita, elekeza kiooni, ukungu wa ndani unaondoka. Taa ziwe za chini, maana zile kali zinarudishwa na ukungu machoni mwako. Ukiwasha swichi, taa za ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) na za mfuko wa hewa lazima ziwake kisha zizime. Isiyowaka kabisa huenda imetolewa balbu ili kuficha ubovu.

MzaziUyole

Ndaga fijo, wote. Leo nimeipandisha shimoni ile IST. Chasisi ni NCP65 na propela ipo, kwenye duara haikuruka. Mabomba ya breki ya nyuma yana magamba juu ya tangi, fremu inalia vizuri. Tairi mbili zina ile alama ya theluji, mbili ni za kawaida za 2016. Bomba la rejeta lilipata joto taratibu tangu mwanzo. Anataka milioni 11. Nimkimbie?

FundiSoweto

Usimkimbie, punguza bei. Kama fremu ni nzima, mabomba hutengenezwa mapya ya shaba na nikeli ambayo hayaoti kutu. Yote ya nyuma yabadilishwe, sio kukata kipande kilichooza na kuunga. Tairi nne, mabomba, mafuta ya breki, thamostati, kulanti na mfuniko: chukua bei za maduka matatu hapa Mwanjelwa, ziandike kwenye karatasi, mwekee mwenye gari mezani. Akikataa kushuka kabisa, hapo ndipo umwache.

Kabla hujalipa, jina la kwenye kadi liwe la anayepokea hela, hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari. Umiliki uhamishwe TRA kwanza, binti aendeshe baadaye.

MwalimuWaGia

Kwenye buti awe na kamba ya kuvutia, koleo fupi, ubao wa kuwekea jeki kwenye tope, pampu ya umeme wa gari na kipimo cha upepo. Akinasa, apunguze upepo wa tairi hadi kama psi 22, atoke, kisha ajaze tena kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva kabla hajakimbia. Na wiki ambazo Fuso zenyewe zinalala njiani, apitie Makambako na Njombe. Ni zaidi ya kilometa 300, lakini ni lami.