Mrejesho: Mistari ya jezi kuonekana kama stika

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza kwa nini mistari ya kijani na njano kwenye jezi ya kubuni ya Yanga inaonekana kama imebandikwa, mikunjo ya kitambaa ikipotea. Tatizo ni mpangilio wa leya, yaani matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine.

Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, picha ya jezi nyeupe inakaa chini, mchoro juu yake, halafu nakala ya jezi iliyoondolewa rangi juu kabisa katika modi ya Multiply, inayotia giza leya za chini yake, kwa nguvu ya asilimia 70 hivi. Ukipita hapo, njano inageuka haradali.

Ili mistari ifuate mikunjo, tumia Displace, kichujio kinachosogeza pikseli za mchoro kulingana na mwangaza wa picha nyingine, yaani ramani. Ramani iwe nakala ileile ya kijivu iliyotiwa ukungu (blur) wa pikseli 4. Bila ukungu, kingo za mistari zinakuwa kama meno ya msumeno. Na mchoro mzima ukihama upande mmoja, ramani ni nyeupe mno: shusha mwangaza hadi wastani ukaribie 128 kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), maana kijivu cha kati ndicho hakisogezi kitu. Kiasi cha kusogeza cha pikseli 8 kinatosha kwa picha ya upana wa pikseli 2000. Kwa 20, nembo iliteguka kabisa.

Mikono ikatwe kwenye mshono wa bega, mistari yake izungushwe peke yake. Kola bado inanisumbua.