Mhariri anataka nichague: muziki, siasa au safari?

Msafiri_Dar
Wakuu, habarini. Mimi mwandishi wa kujitegemea, nipo Dar, naandika utamaduni, siasa, muziki na safari. Mhariri mmoja kaniambia nichague moja, eti msomaji hamwamini mtu aliyeandika taarab wiki iliyopita halafu leo anachambua uchaguzi. Februari navuka kwenda Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar. Nauli natoa mfukoni, kwa hiyo lazima safari ijilipe. Mnagawaje kazi? Halafu kuna hoteli ya Unguja imeniahidi chumba bure nikiiandika vizuri. Nikubali? Natanguliza shukrani.

Kibo_Kaskazini
Chumba kataa, mkuu. Ukishalala bure huwezi tena kuandika kwamba maji ya bomba yana chumvi. Ya taarab nawaachia wajuzi.

BiMkubwa_Unguja
Mdogo wangu, usichague. Nimeanza kuandika enzi za kutuma makala kwa faksi, na kwetu hapa sijaona muziki uliokaa mbali na siasa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi, aliimba kesi za mahakamani na dhuluma walizofanyiwa wanawake. Watu walipata habari kwake. Culture Musical Club, klabu ya taarab, chimbuko lake ni umoja wa vijana wa chama cha Afro-Shirazi (ASP). Klabu nyingine ya taarab, Nadi Ikhwan Safaa, ipo tangu 1905, imepita usultani, ukoloni na Mapinduzi. Ukiandika historia ya klabu hizi mbili tu, siasa umeshaiandika.

Kwenye tamasha pale Ngome Kongwe waandishi wote wanasimama mbele ya jukwaa na kurudi na picha zilezile. Wewe nenda klabuni, kwenye mazoezi. Kanuni, ile ala ya taarab, ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, na mpigaji huzisawazisha uzi mmoja mmoja kwa ufunguo. Muda huo wenzake wanakunywa kahawa na kuzungumza, na hapo ndipo wazee husema mambo ambayo hawatakwambia ukiwawekea kinasa sauti mdomoni. Omba ruhusa kwanza, kisha kiweke pembeni.

Ukienda kwenye harusi, tazama wanawake wanavyomtunza mwimbaji kwa pesa. Mtu hangoji wimbo uishe. Anangoja beti yake, anainuka na noti mkononi, anatembea polepole mpaka kwa mwimbaji huku uso ameuelekeza kwa anayemkusudia. Ukijua kafumbiwa nani na kwa nini, una makala ambayo hakuna aliyetumwa kutoka Dar ataipata.

Vibali usipuuze. Habari si jambo la Muungano, kitambulisho cha Bara peke yake kisikutie moyo. Wasiliana mapema na Idara ya Habari Maelezo Zanzibar.

Na malipo, andikiana na mhariri kabla hujapanda boti: kiasi, lini, na kwamba unampa haki ya kuchapisha mara moja tu. Gazeti moja lilichapisha makala yangu, likaiuza kwingine, mimi sikuona senti. Haki ikibaki kwako, sauti unaipeleka redioni, gazeti linapata wasifu wa mwanamuziki, na jarida la safari unaliandikia Makunduchi na sherehe ya Mwaka Kogwa ukirudi Julai.

Mzee_wa_Dawati
Nakubaliana na Bi Mkubwa, ila mhariri wako ana hoja moja. Ukipanda gari la msafara wa kampeni na kupokea posho ya chama, hata makala yako ya ngoma itasomwa kwa jicho hilo. Bahasha ya siasa inachafua kurasa zote. Kwenye uchaguzi jilipie daladala.

Msafiri_Dar
Asanteni sana. Hoteli nimeshaijibu hapana. Bi Mkubwa, naweza kwenda Culture bila kujulikana na mtu?

BiMkubwa_Unguja
Waweza. Klabu ipo Vuga. Pita kwanza mchana umuone kiongozi wao, jitambulishe, uulize siku za mazoezi. Usiku wa kwanza usipige picha hata moja.