Mjadala: Jina la mtu likivunjwa hadharani Nairobi, wa kulaumiwa ni nani?

MWANZISHA MADA

Wadau, kuna hoja naisikia kila mahali na leo naomba tuijadili. Wenye hoja hiyo wanasema Nairobi ni jiji la makabila zaidi ya 40, hakuna anayeweza kuyamudu majina yote, kwa hivyo mwenye jina gumu avumilie au ajitafutie jina jepesi la kutumia mjini. Mimi naipinga. Wajibu ni wa yule anayeita au kuandika: mwalimu, karani, muuguzi, mtangazaji. Jina litamkwe na liandikwe kama lilivyo.

Tuanze na sauti inayoumizwa kuliko zote. Ng'ang'a, Ochieng', Wetang'ula, Chepng'etich: hapo kuna Mkikuyu, Mjaluo, Mbukusu na Mkalenjin, na wote wanakutana kwenye ng' moja. Mtoto wa Kenya husoma ng'ombe na ng'ambo tangu madarasa ya chini kabisa, kwa hivyo sauti yenyewe hatuwezi kusema imetushinda. Tatizo ni ritifaa, kile kialama kidogo, kinachodondoshwa kwenye fomu. Kikishadondoka, Ng'ang'a anakuwa Nganga, na msomaji asiyemjua atatamka g mbili ambazo hazipo.

Na madhara hayaishii mdomoni. Binamu yangu ni Ng'eno kwenye cheti cha kuzaliwa, Ngeno kwenye cheti cha kidato cha nne, na Ng'eno tena kwenye kitambulisho. Alipopata kazi akaambiwa alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba hao ni mtu mmoja. Pesa ya wakili ikatoka mfukoni mwake, naye hakuwa amekosea popote.

Hospitalini nako. Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja hapa mjini, muuguzi akatoka na faili akaita "Chepunjeno! Chepunjeno!" Kimya. Akaita tena, kisha akaliweka faili chini ya mengine na kuendelea. Mama aliyekaa karibu nami, mtoto mgongoni, alikuwa akitega sikio muda wote. Hakuondoka, hakusinzia. Anaitwa Chepng'eno, na alichokisikia hakikuwa jina lake. Alipokwenda dirishani kuuliza, zamu yake ilikuwa imepita, ikabidi aanze kungoja upya na mtoto ana homa.

Msiniambie ni ugumu wa lugha. Kwenye vibanda vya mpira, kuanzia Kayole hadi Kawangware, mashabiki wa Arsenal waliwataja Szczęsny na Mkhitaryan bila kusita. Waliyasikia kwa watangazaji, wakayarudia, yakakaa. Faith Kipyegon ameshinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki tatu mfululizo, za Rio, Tokyo na Paris, na watangazaji wa nchi za mbali wamejifunza kumtaja. Sisi tulio majirani zake tunashindwaje kumwita mama mwenye jina la kutoka eneo lilelile?

Au mchukueni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Jina lake lina karibu kila mtego: ũ inayokaribia o, ĩ inayokaribia e, th ya Kikuyu inayosikika kama dh ya dhahabu, na ng' mwishoni. Aliliacha jina la James akabaki na la kwao, na dunia ikamfuata huko huko.

MCHANGIAJI, UMOJA

Ndugu, kwenye fomu nakuunga mkono. Kwenye matamshi, hapana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu milioni 4.4 Nairobi, na kila mmoja amekuja na ulimi wa nyumbani. Mimi ni Mjaluo. Dholuo haina sh, kwa hivyo mama yangu humwita jirani yetu Siru, na huyo jirani ni Shiru. Yeye naye humwita dada yangu Akero badala ya Akelo. Wamekaa pamoja miaka na miaka, wameuguzana, na hakuna aliyewahi kununa.

Ukianza kumwekea mtu wajibu wa kutamka, unafungua mlango wa kuchekana. Tunajua kushrabu, yaani kuteleza kwenye matamshi kwa sababu ya lafudhi ya nyumbani, kulivyochekwa shuleni. Mtoto anasimama kusoma, anateleza kwenye r na l, darasa zima linaangua kicheko, na kutoka siku hiyo hanyanyui mkono tena. Hilo linaniuma kuliko jina langu kukosewa.

MCHANGIAJI, EASTLEIGH

Unasema jina liandikwe kama lilivyo. Kwa tahajia ya nani? Kisomali kiliwekewa hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na humo c ni ile ain ya Kiarabu, x ni h ya kooni. Jamaa zangu wa Mogadishu huandika Cabdi na Xasan. Sisi tuliozaliwa hapa huandika Abdi na Hassan. Babu ni mmoja. Nimemsikia mgeni wetu akiitwa "Kabdi" mchana kutwa kwenye ofisi moja, naye kwa adabu yake akawa anaitika tu.

Nionavyo, familia ichague tahajia yake, na karani asiiguse.

MWALIMU, KAYOLE

Nafundisha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Siku ya kwanza ya muhula siiti majina. Kila mtoto anasimama, analitaja lake mwenyewe, nami naandika kwa penseli pembeni ya rejista jinsi linavyosikika. Ni kazi ya kipindi kimoja.

Kinachonisumbua ni kingine. Kuna watoto wanaokuja kwangu faraghani kuomba niwaite Brian au Kevin, na kwenye rejista ni Cheruiyot au M'Inoti. Ukiwadadisi, utakuta mwalimu aliyetangulia alilivunja jina mbele ya wenzake, likageuka kuwa utani wa uwanjani. Mtoto wa miaka tisa anaamua kulificha jina la babu yake. Ndugu wa Umoja, unaona kicheko ni hicho hicho? Anayechekwa kwa lafudhi na anayechekwa kwa jina wanaumia namna moja.

MWANZISHA MADA

Mwalimu, asante sana. Hiyo penseli pembeni ya rejista ndiyo ninayoipigania.

Ndugu wa Umoja, mama yako akisema Siru ametoa alichonacho, na Shiru anaitika kwa sababu anajua anaitwa yeye. Sina neno naye. Shida yangu ni na mtu anayelitazama jina kwenye karatasi, anaona hajui kulisoma, na haulizi. Swali "jina lako linatamkwaje?" halihitaji ulimi wa kabila lolote. Na kama ulimi hauwezi, onyesha faili, taja jina la kwanza, taja namba. Yule mama wa kliniki angeinuka mara moja.

Wa Eastleigh, umenirekebisha vizuri. Badala ya "kama lilivyo", tuseme "kama mwenyewe alivyoliandika". Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu azaliwe, na kifungu cha 7 kinaitaka serikali ilinde lugha zetu zote. Sioni vipi haki hiyo inatimia ikiwa kompyuta inakataa ritifaa, na ĩ inageuzwa i kwa sababu kibodi haina.

Sasa naomba tuwasikie mnaokaa kwenye madirisha ya usajili, mashuleni, benki na hospitalini. Mkiandika ng' na ritifaa yake, mfumo unaikubali? Kama unaikataa, ni mashine haiwezi, au mliagizwa muiache? Na mteja akisisitiza, huwa mnafanya nini?