USHAURI: Klipu inasema chanjo ya HPV inafunga kizazi. Tutumieje tafiti za vyuo kuwajibu wazazi?

Mjumbe wa Kata
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa niaba ya kamati ya afya ya kata, Kanda ya Ziwa. Zimebaki wiki tano chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, itolewe shuleni. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi inazunguka klipu ya sauti: chanjo inafunga kizazi, na "ushahidi" ni kwamba mwanzo walichoma mbili, sasa wanachoma moja, eti tunafanyiwa majaribio. Zahanati ilitoa tangazo kuwa ni uongo, halikusaidia kitu. Tafiti zipo lakini ni za Kiingereza na hatujui pa kushika. Fedha tulizonazo ni nauli za wahudumu wa afya na vocha tu.

Karani wa Takwimu
Mkuu, klipu hiyo ina madai mawili, na msiyajibu kwa pumzi moja. Anzeni na la dozi, kwa sababu lina ukweli ndani yake na ndilo linalolibeba la pili. Tanzania ilianza mwaka 2018 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi ambaye binti yake mkubwa alichomwa mara mbili, ukimwambia "ni uongo" umeshampoteza.

Sababu ya mabadiliko iko jirani yenu kabisa. Utafiti uitwao DoRIS ulifanyika Mwanza, kwa ushirikiano wa watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa bahati nasibu kupata dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliopata moja bado walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV aina ya 16 na 18, zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Kenya nako, utafiti wa KEN SHE wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, uliwafuatilia wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na dozi moja ikazuia maambukizi ya kudumu ya aina hizo kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Desemba 2022 WHO ikaikubali ratiba ya dozi moja. Andikeni mfuatano huo kwenye karatasi moja, kwa miaka yake.

Dada Epi
Naongezea, maana hapo pana mtego. Mkisema "utafiti ulifanyika Mwanza" bila maelezo, mtu atadakia: si mnaona, walitujaribia! Semeni wenyewe kabla hajauliza: chanjo za HPV zilianza kuidhinishwa mwaka 2006, kwa hiyo swali la Mwanza lilikuwa idadi ya dozi, na mzazi wa kila msichana aliombwa ridhaa.

Kuhusu kizazi: ndani ya chanjo kuna protini ya ganda la kirusi. Vinasaba vya kirusi havimo, wala homoni. Denmark walichambua kumbukumbu za karibu wasichana na wanawake milioni moja wakitafuta kama chanjo inahusiana na ovari kuacha kazi mapema, hawakuona uhusiano. Tena waambieni akina mama jambo hili waziwazi: saratani yenyewe na matibabu yake, kuondoa kizazi au mionzi, ndivyo vinavyomnyima mwanamke uzazi.

Msidharau chimbuko la hofu. Mwaka 2014 Kenya ilitikiswa na madai kuwa chanjo ya pepopunda ina hCG, homoni ya ujauzito, eti ya kufunga kizazi. Sampuli zilikuwa zimepimwa kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, na kipimo cha namna hiyo hakiaminiki kikipewa kimiminika cha chanjo. Uvumi wa sasa unatembea kwenye njia ileile.

Mzee wa Redio Jamii
Namna ya kusema ni nusu ya kazi. Wanasaikolojia Hasher na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba sentensi ikirudiwa huonekana ya kweli zaidi, hata ikiwa ya uongo. Kwa hiyo tangazo linaloanza "Si kweli kwamba chanjo inafunga kizazi" linaweza kuzidi kuipandikiza. Mpangilio wenu uwe: ukweli, kisha uvumi mara moja tu ukitanguliwa na onyo, kisha kosa lake, mwisho ukweli tena. Rekodini klipu yenu ya sekunde 60 hadi 90, sauti ya nesi anayejulikana kijijini, ataje jina, kituo na tarehe.

Vijiji ambavyo klipu haijafika vipeni kinga mapema. Kundi la Sander van der Linden, Chuo Kikuu cha Cambridge, limeendeleza wazo la mwanasaikolojia McGuire la miaka ya 1960: mtu akionyeshwa mbinu ya upotoshaji kabla, huitambua ikija. "Mtaletewa sauti isiyo na jina, tarehe wala kituo. Ulizeni hayo matatu." Kinga hiyo hufifia, irudieni wiki ya chanjo.

Kabla ya kusambaza, wasikilizisheni klipu yenu wazazi wanane hivi mmojammoja, kisha waombeni waeleze walichosikia. Wakirudisha uvumi badala ya ukweli, rekodini upya.

Mjumbe wa Kata
Nashukuru sana. Akina baba wanauliza kwa nini wasichana tu. Na chuo chenyewe kinaweza kutusaidia?

Dada Epi
Wasichana kwa sababu mlango wa kizazi ni wao, na dozi chache huokoa wengi zaidi zikielekezwa kwao. Wavulana nao huchanjwa kwingine, Australia tangu 2013. Wanaoishi na VVU wanahitaji angalau dozi mbili, lakini jambo hilo limalizwe CTC, kliniki ya huduma za VVU. Msiwatenge kwenye foleni ya shule, mtawaanika.

Siku yenyewe watoto wawe wamekula, wachomwe wameketi, wabaki chini ya uangalizi dakika 15, mbali na macho ya wanaosubiri. Mwaka 2014 huko El Carmen de Bolívar, Colombia, wasichana wengi walizimia na video zikasambaa. Uchunguzi haukuona kosa la chanjo, lakini uchanjaji nchini humo uliporomoka kutoka juu ya asilimia 90. Atakayezimia, nesi ampigie mzazi simu yeye mwenyewe kabla picha haijamfikia.

Karani wa Takwimu
Chuo kinaweza. Andikeni barua kwa idara ya afya ya jamii, chuo cha MUHAS cha Dar es Salaam au CUHAS Bugando cha Mwanza, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Ombeni wanafunzi wa field au wa uzamili. Msiombe "semina". Ombeni kazi mbili: kutafsiri tafiti hizi kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, na kupima kama ujumbe unafanya kazi. Utafiti rasmi unahitaji kibali cha maadili, na wiki tano hazitoshi, hivyo uandaliwe kwa awamu ijayo.

Kwa sasa wahudumu washike daftari la uvumi: tarehe, kitongoji, maneno kama yalivyosemwa, njia yaliyopitia, swali lililo nyuma yake. Majina na namba za simu visiandikwe. Kila Ijumaa hesabuni. Dai likitokea vitongoji vitatu au zaidi, lijibiwe. La mtu mmoja lijibiwe nyumbani kwake, mkilitangaza mtalikuza.

Kupima: vijiji vitatu vipate klipu wiki ya pili, vitatu wiki ya nne, vichaguliwe kwa kura. Wiki ya tatu linganisheni idadi ya fomu za ridhaa zilizorudi kwa kila wasichana 100 waliopewa. Vijiji sita ni vichache, kwa hiyo tofauti ya fomu tatu nne msiitangaze kuwa ushindi.