Vijana wa filamu wameng'ang'ania Strauss, muziki wangu wanaukataa. Nifanyeje?

KinandaChaParokia:
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna vijana wa chuo wametengeneza filamu fupi ya dakika 12: chombo cha anga kinatua usiku kwenye majabali upande wa Chamwino, asubuhi binti anayechunga mbuzi anakikuta. Picha ni nzuri, sitanii. Wakaniomba niwatungie muziki.

Shida ni kwamba wakati wanaediti walishikiza kwa muda, hadi muziki wangu uwe tayari, ule mwanzo wa Also sprach Zarathustra wa Richard Strauss, mtunzi wa Ujerumani, uliotumika kwenye filamu ya 2001: A Space Odyssey. Wameusikia wiki sita mfululizo. Nimewapelekea vipande vinne, na kila mara jibu ni "nzuri mwalimu, ila hauna ule ukubwa." Niige, nibishane nao, au niwaachie Strauss wao? Bajeti yenyewe ni nauli na chakula.

TarumbetaKuukuu:
Pole mwalimu, hujaanza wewe. Hiyohiyo 2001 ya mwaka 1968 ilikuwa na mtunzi wake, Alex North. Dairekta wake, Kubrick, alikuwa ameshikiza Strauss wawili, Richard na yule Johann wa Danube ya Buluu (hawana undugu), pamoja na mtunzi Ligeti. North akatunga, okestra ikarekodi, halafu siku ya kuonyeshwa filamu akakaa kwenye kiti akisubiri muziki wake. Hakusikia hata noti moja.

Lakini usikate tamaa. Star Wars ya 1977 nayo ilishikiziwa muziki wa zamani wa okestra, na John Williams alitunga wake ukashinda. Sikiliza Mars ya Gustav Holst, aliyoanza kuiandika 1914, ile yenye mapigo matano kwa kila kipimo, kisha sikiliza Star Wars vita inapopamba moto. Undugu wao hauhitaji kupima damu. Na kule kumpa kila mhusika wimbo wake ni mtindo wa opera za Wagner, mtunzi wa Kijerumani. Williams hakuficha alikotoka, ila noti ziliandikwa upya kufuata picha.

BabaZabibu:
Mbuzi na Strauss wapi na wapi. Wekeni singeli chombo kiondoke chenyewe 😂

WakiliMtoro:
Kabla hamjafika mbali: Strauss alifariki 1949, kwa hiyo hata kwa hesabu ya Ulaya ya miaka 70 baada ya kifo, utunzi wake uko huru. REKODI ndiyo yenye mwenyewe. Mkichukua ya okestra fulani mtandaoni mkaibandika, hapo mmechukua mali ya mtu. Mkipiga wenyewe kwa kinanda hakuna wa kuwauliza. Ligeti msimguse, amefariki 2006 tu.

KinandaChaParokia:
Asante wakili. Lakini kinanda changu kupiga ule mwanzo ni sawa na mtoto kuvaa koti la babu. @TarumbetaKuukuu, nitunge upya vipi bila kuiga?

AltoWaMakole:
Shikamoo mwalimu. Uimbe kwa solfa utaona hauna maajabu: *do, so, do* ya juu. Basi. Kisha akodi kubwa (noti kadhaa kwa pamoja), na *mi* inashuka nusu-toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda, mwanga unageuka kiza. Mara ya pili kinyume chake, kiza kinageuka mwanga. Chini yote kuna noti moja nzito ya besi na ya kinanda cha mabomba iliyotangulia kabla ya tarumbeta. Vijana wako wanaita "ukubwa" kile kitendo cha kusubiri. Wewe huenda unaanza na akodi sekunde ya kwanza, kama unaitikia zaburi.

Na usikidharau kinanda. Interstellar ya 2014, mtunzi Hans Zimmer aliujenga muziki wake juu ya kinanda cha mabomba cha kanisa moja London.

MtuWaChamwino:
Dada hapo juu kagusa penyewe. Hizo *do-so-do* ni sauti za mwanzo zinazotoka ndani ya noti moja nzito, zimejipanga zenyewe kwa asili kama ngazi. Sasa, skeli ya muziki wa Kigogo nayo imetoka kwenye ngazi hiyohiyo, kwa sauti za juu zaidi. Ndiyo maana ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, ilisikika kama kitu cha mbali hata kwa wazungu wasiojua neno la Kigogo. Mwalimu, unayo anga nyumbani, unaitafuta Ujerumani!

Tahadhari moja: sauti ya saba ya ngazi ile iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Ukiweka akodi za kinanda juu ya ilimba zitagombana. Kinanda kishike noti moja tu ya chini, ilimba iingie juu yake, zeze baadaye. Na usiwape kipande cha tano kabla hawajaitazama filamu kimya, Strauss ameondolewa kabisa. Masikio yamezoea.

KinandaChaParokia (siku tisa baadaye):
Mrejesho. Tuliitazama kimya mara mbili. Mara ya kwanza walinuna. Ya pili, dairekta mwenyewe akasema pale chombo kinapotua kusiwe na kitu, isikike kengele ya mbuzi tu. Nikaweka noti moja ya besi, sekunde 40 bila kubadilika (mkono uliwasha, nakiri), kisha ilimba.

Mzee wa ilimba amekubali kurekodi Jumamosi. Ila ameniuliza mara mbili hicho chombo kinatoka wapi na kinatafuta nini Chamwino, na vijana hawana jibu.