Dar es Salaam hadi Malindi kwa gari: tupite Saadani au barabara kuu?

Msafiri wa Kimara

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mwishoni mwa Juni ninakusudia kumchukua mama yangu mwenye umri wa miaka 70 pamoja na watoto wawili, kwa gari dogo la kawaida, tuelekee Malindi kwa siku 8. Shabaha yetu ni kulala katika miji midogo ya pwani, si kuipita tu. Je, tukitoka Bagamoyo tushike njia ya Saadani hadi Pangani, au turudi barabara kuu? Na upande wa Kenya, tusimame wapi kabla ya Mombasa?

Mwana wa Pangani

Ndugu yangu, kwa gari la chini nakusihi usipite Saadani. Udongo wa huko ni ule mweusi unaonata, na mwaka juzi mvua ya usiku mmoja ilitosha kunilaza garini, magurudumu ya nyuma yakiwa yamemezwa na tope. Laleni Bagamoyo, mkayaone magofu ya Kaole, kisha mshike lami ya Msata hadi Segera na Muheza, ambako machungwa yamepangwa kando ya barabara. Mkifika Tanga, teremkeni kusini kama kilomita 50 hadi Pangani, na hapo mlale usiku 2.

Nasema 2 kwa sababu ya Maziwe. Kisiwa hicho, ambacho ni hifadhi tangu mwaka 1975, zamani kilikuwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hufunikwa lote. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapojaa na kupwa sana, hupwa mnamo saa 4 asubuhi, kwa hiyo zungumzeni na nahodha mapema na mng'oe nanga kabla upepo wa kusi haujakaza. Mama akiogopa chombo, mtafutieni kiti ukingoni mwa mto aitazame pantoni ikivuka kwenda Bweni na kurudi, watu wakishuka na baiskeli na matenga ya samaki.

Mama Likoni

Mwanangu, karibuni Kenya. Mpakani Horohoro uwe na hati za kusafiria, kadi ya gari na bima inayotambulika huku, ile ambayo madereva huiita ya COMESA.

Kabla ya Mombasa simameni Gazi, mwingie msitu wa mikoko kwa njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa kijiji. Wamazrui, ukoo wa Waarabu uliokuwa ukiitawala Mombasa, waliposhindwa huko mwaka 1837, tawi moja lilikimbilia Gazi na jingine Takaungu, karibu na Kilifi. Ukiizuru miji hiyo miwili katika safari moja, utaielewa Mombasa kuliko atakayeishia kwenye ngome ya Fort Jesus peke yake. Feri ya Likoni ivukeni kabla ya saa 10 jioni, maana baada ya hapo msongamano utamchosha mama. Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, iwekeni asubuhi ya mwisho, kwani kutoka hapo Malindi ni karibu.

Msafiri wa Kimara

Shukrani, Mama, nawe ndugu yangu wa Pangani. Saadani nimeiacha. Nimetazama kalenda ya mwezi na kuisogeza safari kwa siku 4, ili usiku wetu wa pili Pangani uangukie mwezi mpevu. Mama yangu amekwisha kuniambia kwamba chomboni atapanda.