Waridi, lili au mmea wa chungu: kipi cha kumpelekea mama mkwe Jumamosi?

KijanaWaTabata
Wakuu habarini. Jumamosi naenda kumsalimia mama mkwe mtarajiwa na sitaki kwenda mikono mitupu. Nimebaki na vitu vitatu: mawaridi mekundu 12, lili nyeupe za kufungwa kwenye karatasi, au mmea wa chungu, ule wenye majani marefu ya kijani na mstari wa njano katikati. Bajeti elfu hamsini. Kipi kina maana nzuri?

MkataShina
Mleta mada, umeacha kila kinachohitajika. Mama ni mtu wa wapi? Unaenda kusalimia tu, kuposa, au kuna jambo? Unatoka wapi kwenda wapi, kwa usafiri gani, saa ngapi? Maua yaliyokaa saa nzima juu ya bodaboda kwenye jua la saa nane si yale uliyoyaona dukani.

Wakati tunasubiri majibu, mawaridi mekundu 12 yatoe kwenye orodha. Hiyo ni zawadi ya binti, si ya mama yake. Kama ni lazima iwe waridi, chukua la pinki, linasomeka kama shukrani na heshima. La njano leo ni la urafiki, ingawa kwenye zile kamusi za maua za Ulaya ya karne ya 19 lilimaanisha wivu. Hapa Dar hakuna anayezisoma, watu wanasoma rangi na tukio basi.

BintiPwani
Mbona hamtaji maua yetu? Kama mama ni mtu wa Pwani, achana na ya dukani yanayosafirishwa kutoka Arusha. Mpelekee asumini. Vichumwe vitumba alasiri kabla havijafunguka, vitungwe kwa uzi na sindano, vifungwe ndani ya jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu. Magharibi vinafunguka vyenyewe na nyumba nzima inanukia.

FundiKoja
Dada BintiPwani, hapo utamponza kijana wa watu. Asumini ina njia mbili. Ikitungwa koja la kumvisha mgeni au bibi harusi, sawa, ni heshima. Ikifungwa kikuba pamoja na mrihani na mkadi, hiyo ni ya mke kuweka kifuani au kwenye nywele kwa ajili ya mumewe. Na zilizochambuliwa humwagwa kitandani. Mkwe kumletea mama mkwe kikuba! Watacheka mpaka Mbagala. Kilua ndiyo usiguse kabisa. Kinaanza kijani huwezi hata kukiona kwenye majani, kikiiva kinageuka njano na harufu yake ni ya mahaba, haina maana nyingine.

BintiPwani
Mimi nimesema koja, sijasema kikuba. Soma vizuri kaka.

FundiKoja
Umesema "asumini" tu. Ndiyo maana nimefafanua.

Mchele_na_Sukari
Maua hayaliwi. Elfu hamsini nunua mchele, sukari na kitenge, umemaliza. Mama wa Kiswahili ukimpa maua anakuuliza ayaweke wapi.

MkataShina
Hayo ni ya uzi mwingine. Na usimsemee mama usiyemjua.

KijanaWaTabata
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Mama ni Mchagga wa Rombo ila yuko Mbezi miaka mingi. Natoka Tabata, nitapanda daladala halafu boda. Nafika kama saa nane. Ni kusalimia tu.

SeloTepu
Lili nyeupe basi usichukue bila kujipanga. Kwanza, nyeupe tupu iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa watu wengi hapa mjini wanaiona ni ya msibani. Changanya na pinki au majani mengi. Pili, chavua. Lili ikifunguka, vile vichwa vya rangi ya kutu vikigusa kitenge ndiyo basi. Ving'oe kwa vidole ua likianza kufunguka, kabla havijatoa unga. Doa likishaingia usifute kwa maji wala mkono, unga utazama kwenye nyuzi. Bandika selotepu na kuinua mara kadhaa, kisha anika juani. Tatu, kama mama ana paka, hapana kabisa. Lili huua figo za paka, hata akilamba chavua iliyomdondokea kwenye manyoya.

Mwl_Kiswahili
Kidogo tu: nashukuru hakuna aliyeandika "yungiyungi". Yungiyungi ni lile la majini, linaloelea bwawani. La dukani ni mmea mwingine kabisa, tuliite lili tu. Na "shada" nalo siku hizi limeachiwa makaburi, ndiyo maana muuzaji ukimwambia "nifungie shada" anakuuliza marehemu ni nani.

FundiShada
Mwalimu, mimi bado natumia shada kwa yote, jina langu linasema. Kuhusu usafiri ngoja niwape kisa cha mawaridi 24 yaliyopelekwa kwenye send-off moja Kimara, maana kila kosa lilikuwemo.

Muuzaji alitumia sponji, ile ya kuchomekea mashina ya maua. Sponji inawekwa juu ya maji mengi, inaachwa izame yenyewe, dakika moja au mbili. Yeye aliikandamiza kwa mkono. Ukikandamiza, nje inalowa na katikati inabaki hewa kavu, kwa hiyo mashina marefu yalichomekwa kwenye ukavu. Mengine aliyachomoa na kuyarudisha tundu lile lile, na ukishafanya hivyo chini ya shina panabaki uwazi, maji hayalifikii. Mashina yalikatwa kwa mkasi butu, yakapondeka. Juu akafunika nailoni mpaka mwisho bila tundu, likawa jasho ndani na madoa ya kahawia kwenye petali. Kisha likawekwa kwenye buti ya gari pamoja na mkungu wa ndizi mbivu na ndoo ya embe. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inazeesha maua. Saa tisa shingo zote zimeinama, bibi harusi hajaingia.

Waliokuwepo wakanyunyizia maji juu, haisaidii. Dawa ni kuyatoa yote, kukata sentimita 3 mshazari kwa kisu kikali, shina likiwa ndani ya maji, kuyafunga kwa gazeti yasimame wima, na kuyatumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu mpaka karibu na kichwa kwa saa moja. Yaliyoinama kwa sababu ya hewa kwenye mshipa yanasimama. Yaliyoziba kwa bakteria hayarudi, tupa. Yalipona 15 tu.

MkataShina
Kwa safari ya Tabata mpaka Mbezi basi: asinunue sponji, anunue mashina yaliyo wazi. Pamba yenye maji kwenye ncha, mfuko wa plastiki juu yake, mpira wa kufungia, gazeti. Akifika aondoe majani yote yatakayozama, akate tena mshazari. Lita moja ya maji, sukari kijiko kimoja cha chai, jiki kijiko kimoja cha chai, maji ya limau vijiko viwili vya chai. Sukari bila jiki ni kulisha bakteria. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili.

Na kwa joto hili mimi ningechukua karnesheni, si waridi. Inavumilia zaidi, ila nayo iwe mbali na ndizi, ethilini inaiua haraka. Kwa mama ndiyo lenye historia: tarehe 10 Mei 1908 Anna Jarvis, mwanzilishi wa Siku ya Mama Marekani, alipeleka karnesheni nyeupe 500 kwenye kanisa la Grafton, West Virginia, kwa ibada ya kuwakumbuka akina mama. Baadaye Marekani nyeupe ikawa ya mama aliyefariki, ya rangi kwa aliye hai. Kwa hiyo pinki.

MtokaKibosho
Jamani mnazungumzia karnesheni na hamjaona kilichoandikwa juu! Majani marefu ya kijani? Kwa mama wa Rombo? Hilo ni ISALE. Uchaggani isale ndiyo jani la kuomba msamaha. Ukipelekewa, kukataa ni jambo zito. Ndilo pia linalopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na kwenye makaburi. Ukiingia nalo mikononi Jumamosi, mama hatasema "asante kwa ua". Atakaa chini asubiri useme umekosa nini.

MzeeWaMiche
Ni kweli ni jamii ile ile, Dracaena fragrans. Lakini huo wa mstari wa njano ni aina iliyochaguliwa kwa ajili ya mapambo. Wa kihambani ni kijani kitupu. Miche yote miwili inauzwa kando ya Barabara ya Bagamoyo, na wauzaji wengi hawajui tofauti. Kwa kuutunza: mwagilia udongo ukikauka sentimita 3 kutoka juu, usiuweke jua kali la mchana. Ncha zikiwa kahawia mara nyingi ni floridi ya kwenye maji au ukavu. Shina likilainika chini, umezidisha maji, mizizi imeoza.

MtokaKibosho
Mzee wangu, mstari wa njano haubadilishi kitu kwa mama aliyekulia mlimani. Jani ni jani.

MzeeWaMiche
Isale la msamaha ni jani, linapelekwa na mtu mzima kwa maneno yake. Chungu cha mapambo na bei imeandikwa kwa makapeni si isale. Hapo Mbezi kwenyewe nyumba ngapi za Wachagga zina hicho chungu sebuleni?

BintiPwani
Kuwa nacho sebuleni na kuletewa na mkwe ni vitu viwili.

KijanaWaTabata
Wakuu... niseme ukweli. Mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha mahari, washenga wangu hawakufika na hatukutoa taarifa. Mama hajapokea simu yangu tangu hapo.

MtokaKibosho
😂😂 "Ni kusalimia tu."

SeloTepu
Huyu alitaka maua yamsemee.

FundiKoja
Mleta mada, swali limebadilika kabisa. Hapo pinki na nyeupe hazina kazi.

MkataShina
Si lazima. Anaweza kupeleka karnesheni kama zawadi, na msamaha ukaombwa na wazee kwa njia yao. Asichanganye.

MtokaKibosho
Akienda na maua ya kizungu kabla ya kuomba msamaha, ndiyo anaongeza kosa. Isale kwanza, lipelekwe na mshenga, tena mmoja wa wale wale waliokosa kufika.

Mchele_na_Sukari
Na mbege. Nilisema maua hayaliwi.

KijanaWaTabata
Tatizo kile chungu nilishakilipia jana, muuzaji harudishi hela. Cha mstari wa njano.

MzeeWaMiche
Urefu gani? Kama unazidi mita moja usiupandishe boda, shina linavunjika pale linapotoka kwenye udongo. Funga majani kwa kitenge kuelekea juu, chukua Bajaji.

MtokaKibosho
Mzee, hata hatujakubaliana kama anakipeleka!

SeloTepu
Na hajajibu kama mama ana paka. Mmea huo nao paka hatakiwi kuutafuna.